Maziwa ya Ng'ombe Aliyechomwa Sindano

Baba mkwe wangu na mimi hatuongei. Hatujagombana, ni heshima tu. Kwao Butiama mke wa mtoto hamsemeshi baba wa mume wake moja kwa moja. Akiwa na neno anamwambia mama mkwe, mama mkwe anamfikishia mzee, mzee anajibu kupitia mama mkwe, na jibu linarudi kwa njia ile ile neno lilikopitia. Tunaweza kuwa tumekaa uani wote watatu, hatua nne kati yetu. Mzee anasikia kila ninachosema, masikio yake ni mazima kuliko yangu, lakini anatazama mlima mpaka afikishiwe. Nyumba nyingine siku hizi wameachana na mambo hayo. Kwetu hawajaacha. Nimeolewa miaka mingi na nimeshazoea, ila kuna siku chache ambazo desturi hiyo nusura initie kichaa.

Kwanza nieleze nilikuwa naogopa nini, maana bila hilo nitaonekana mwendawazimu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mtoto wangu wa pili, wa kike kama dada yake, nilimzaa kwa operesheni, na baada ya operesheni damu ikagoma kusimama. Sikumbuki mengi. Nakumbuka dari, nakumbuka miguu yangu ilikuwa ya baridi, na mtu alikuwa anasema niongezewe chupa nyingine. Siku ya kuruhusiwa daktari alinitazama mimi, hakumtazama mume wangu, akasema, "Mama, mimba nyingine isiingie kabla ya miaka miwili, tafadhali." Alisema tafadhali. Mimi madaktari nimewazoea wakinifokea, kwa hiyo hilo neno moja lilinitisha kuliko damu yenyewe.

Nikaanza vidonge vya uzazi wa mpango. Kila siku saa mbili usiku, taarifa ya habari ikianza, mimi nameza. Mume wangu alijua na alikubali. Wakwe hawakujua, na mimi sikuona sababu ya kuwajulisha. Wana mtoto wa kiume mmoja tu, na mtoto huyo ana mabinti wawili. Walichokuwa wanasubiri kila mtu alikuwa anakijua.

Mimi ni fundi cherehani, Nyasho hapa Musoma. Kibarazani tuko wawili, mimi na mwenzangu, na huyo mwenzangu hakuna ugonjwa asioujua. Miezi kama mitatu kabla ya safari ya Butiama niliumwa jino. Nikapewa amoksilini, nikaja nayo kazini, nikaiweka juu ya cherehani. Mwenzangu akaiona, akasimamisha mguu kwenye pedeli.

"Usithubutu," akasema. "Hizo antibayotiki zinaua vidonge vya uzazi. Mdogo wangu kule Kibara alikuwa anakunywaga vidonge vizuri tu, hakosi hata siku. Akapewa dawa hospitali. Leo mtoto anakimbia."

Akaendelea kushona. Mimi nikaiacha amoksilini, nikabaki na vidonge na jino. Nilisukutua maji ya chumvi wiki mbili, uso umevimba upande mmoja, nikiamini nimeokoa maisha yangu.

Basi mwezi wa sita mama mkwe akateleza kwenye mawe akateguka kifundo cha mguu, na ulezi ulikuwa unasubiri kuvunwa. Mume wangu anafanya kazi ya kupima pamba Bunda, na msimu ulikuwa umechanganya, hakuweza kutoka. Nikafunga cherehani yangu, nikachukua watoto, nikaenda.

Kwa mama mkwe jioni zina ratiba. Mnakula, halafu anakuja na kikombe cha bati, kile kikubwa, kimejaa maziwa mpaka mdomoni. Hakuulizi kama unataka. Anakupa, anakaa mbele yako, anakutazama mpaka umalize, halafu anakiinamisha kikombe kuhakikisha. Kwa watu wa ng'ombe kumnyima mke wa mwanao maziwa ni aibu, na mke wa mwana kuyakataa ni matusi. Mimi nayapenda. Siku mbili za kwanza nilikunywa nikafuta mdomo nikalala.

Siku ya tatu, Jumatano, nilikuwa nafagia karibu na zizi. Kwenye uzio nikakuta bomba la sindano limechomekwa katikati ya miti, na chupa ya kahawia imening'inizwa kwa uzi. Mimi ni msomaji wa kila kitu, hata gazeti la kufungia mandazi nalisoma. Nikasoma. Oksitetrasaiklini. Antibayotiki. Chini, kwa maandishi madogo, walisema maziwa ya mnyama aliyechomwa yasinywewe mpaka zipite siku kadhaa. Nikahisi jino langu lile la zamani linashtuka.

Jioni tukiwa uani nikasema kwa adabu zote, "Mama, naomba unisaidie kumuuliza baba, ile dawa ya sindano amechomwa ng'ombe yupi, na alichomwa lini?"

Mama akageuka nusu. "Mzee, mke wa mwanao anauliza hali ya ng'ombe."

Mzee alitafakari, akitazama mlima. "Mwambie ng'ombe ziko sawa."

"Anasema ng'ombe ziko sawa."

"Nimesikia, mama. Ila naomba kujua, huyu tunayekunywa maziwa yake ndiye aliyechomwa?"

"Mzee, anasema maziwa ni matamu."

"Mwambie anywe."

"Anasema unywe."

Nilijaribu mara ya tatu. Nikasema neno sindano kwa sauti ya juu kidogo, polepole, nikitazama chini kama inavyotakiwa. Mama akamwambia mzee kwamba ninashukuru. Mzee akasema nami nishukuriwe.

Sasa siwezi kumlaumu mama. Mwanamke aliyeolewa akianza kumhoji mzee habari ya ng'ombe wake ni kama anamwambia hajui kufuga, na mama alikuwa ananiepusha na aibu. Tulipoingia jikoni wawili tu akaniambia ukweli bila kusitasita.

"Ni yule mwekundu. Chuchu moja ilivimba. Mzee kamchoma Jumapili."

"Na wengine?"

"Wengine wamekauka. Maziwa yote ni ya huyo."

"Mama, kwenye chupa wanasema yasinywewe."

"Wanasema," akajibu, akipepeta ulezi. "Mzee anasema dawa inaendaga kwenye chuchu mbovu. Sisi tunakamua zile tatu nzuri."

Nilikaa kwenye kigoda nikapiga hesabu zangu. Dawa imeingia kwa ng'ombe, ng'ombe ametoa maziwa, maziwa yameingia kwangu, ndani yangu yamekutana na vidonge, vidonge vimekufa. Mimba inaingia, kisu kinarudi, na safari hii sijui kama nitaiona dari mara ya pili. Nilikuwa nimeshakunywa vikombe viwili vikubwa. Nilipoinuka nikaugonga ungo nikamwaga ulezi wa watu.

Usiku huo nikasema tumbo linauma. Mama akayachemsha maziwa, akasema ya moto ndiyo dawa ya tumbo. Nikasema nimeshiba. Akasema maziwa hayashibishi, yanajaza nafasi zilizobaki. Akakaa mbele yangu na kikombe chake. Mguu wake uliofungwa kitambaa aliunyoosha juu ya kigoda, na macho hayakunitoka. Nikanywa. Akakiinamisha kikombe.

Nikatoka nje kama mtu anayekwenda chooni, nikapita choo, nikazunguka nyuma ya mawe makubwa yaliyo nyuma ya nyumba, nikaingiza vidole viwili kooni. Yakatoka yote. Nilijisikia mjanja. Nilirudi ndani nimenyoosha mgongo.

Nikafanya hivyo Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Nilikuwa na nidhamu ya kijeshi. Saa mbili kamili nameza kidonge changu, ambacho nilikificha kwenye kopo la mafuta ya mtoto. Saa mbili na robo maziwa. Saa mbili na nusu niko nyuma ya mawe. Mwenye akili zake atakuwa ameshaona kosa liko wapi. Mimi sikuliona.

Ijumaa, nikiwa bado nimeinama, tochi ikanimulika mgongoni. Mama alikuwa amenifuata na mguu wake mbovu, ameegemea fimbo ya kuchungia.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu juzi, mama."

"Chakula nacho unatapika?"

"Hapana. Ni maziwa tu."

Nilidhani nimejitetea vizuri. Tochi ikazimwa. Nikasikia anacheka gizani, kicheko cha chini chini cha mtu aliyepewa kitu, halafu akasema, "Hata mimi na mume wako ilikuwa hivyo hivyo. Maziwa sikuyataka kuyaona." Akanishika bega akanirudisha ndani. Hakunipa nafasi ya kusema lolote. Ningesema si mimba, angeuliza ni nini. Ningesema ni antibayotiki, angeuliza antibayotiki inakuhusu nini wewe, na hapo ningefika kwenye kopo la mafuta ya mtoto.

Jumamosi jioni mume wangu akaja kutoka Bunda, nyuzi za pamba zimemjaa kichwani kama mzee wa miaka tisini. Mama alimpokea njiani akampa habari kabla hajashuka kwenye pikipiki. Akaingia chumbani kwetu, akaniuliza kwa kunong'ona, "Ni kweli?"

Nikamweleza kila kitu, chupa, chuchu tatu nzuri, mawe. Alicheka mpaka akaziba mdomo kwa mto asisikike. Halafu akaacha kucheka, akanishika mkono, maana yeye ndiye aliyekaa kwenye benchi la hospitali siku ile.

"Kesho baada ya ibada nitamwambia baba," akasema.

"Utamwambia kweli?"

"Nimesema kesho."

Tulikuwa hatujaonana wiki tatu. Na mimi nilikuwa na uhakika niko salama, si maziwa ya tangu Jumatano yote nilishayaacha nyuma ya mawe? Basi.

Jumapili tulipotoka kanisani tulikuta uani pana watu. Baba wadogo wa mume wangu, wake zao, jirani wawili, na mbuzi ameshachunwa. Katikati amefungwa mtamba, ng'ombe jike mchanga ambaye hajazaa bado, mweusi mwenye doa jeupe tumboni. Mzee akasimama. Akaongea maneno mengi ya kilugha, halafu akamgeukia mama, na kwa Kiswahili, ili na mimi nisikose, akasema, "Mwambie mke wa mwanangu, huyu ni wa huyo anayekuja."

"Anasema huyu ni wa huyo anayekuja," mama akaniambia. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Watu wakapiga vigelegele. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa na kipande cha nyama mdomoni, akatafuna, akatafuna, akanitazama kwa macho ya mtu anayeomba msamaha, akaendelea kutafuna. Saa tisa akapanda pikipiki akarudi Bunda. Alisema pamba haina Jumapili. Ningekuwa na jiwe karibu ningemrushia, na pale Butiama mawe hayakosekani.

Jumatatu asubuhi mama akaniamsha twende kituo cha afya nikafunguliwe kadi ya kliniki. Alivaa kitenge chake cha harusi za watu. Alichechemea njia nzima, akisalimia kila tuliyekutana naye kwa sauti iliyoonyesha tunakokwenda. Tulipofika alitaka kuingia na mimi. Muuguzi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuchoka, akamwambia, "Bibi, tusubiri hapo kwenye benchi." Mlango ukafungwa.

Nikamwaga yote. Operesheni, daktari, jino, mwenzangu wa cherehani, ng'ombe mwekundu, mawe. Muuguzi alianza akiandika. Nilipofika kwenye chuchu tatu nzuri akaweka kalamu chini.

"Ngoja," akasema. "Wewe uliogopa maziwa yataua vidonge."

"Ndiyo."

"Dada, maziwa ya ng'ombe aliyetoka kuchomwa msiyanywe, mzee wako aache hiyo tabia. Lakini vidonge vyako hayavifanyi kitu. Hata ile amoksilini ungemeza, isingevifanya kitu. Antibayotiki hizi za kila siku, za jino, za mkojo, za kidonda, zote haziviharibu. Inayovivuruga ni dawa ya kifua kikuu, rifampisini, na ndugu zake wachache, na baadhi ya dawa za kifafa. Watu wamechukua hiyo moja wakawasingizia zote."

Niliteseka na jino bure, sawa, lakini niko mzima. Nikaanza kufunga kitenge niondoke.

"Kaa kwanza," akasema. "Kidonge unameza saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Na kutapika?"

"Saa mbili na nusu."

Akachukua kalamu, akaziandika zote mbili, moja chini ya nyingine. Nilichukua muda. Nakumbuka nje kuku alikuwa anapiga kelele, na mimi nilikuwa nimeshika fundo la kitenge, na polepole nikaanza kuona.

"Kidonge ukikitapika kabla hakijakaa tumboni muda wa saa mbili au tatu, hesabu hukumeza," muuguzi akasema. "Siku tatu mfululizo. Na mume alikuja lini?"

"Juzi."

"Kwa hiyo ng'ombe hana kosa."

Nilianza kulia, na katikati ya kulia nikacheka, na muuguzi naye akageuza uso dirishani mabega yakimtikisika. Halafu akafanya kazi yake. Akanipa vidonge vya dharura nikameza pale pale mbele yake, akaniambia niendelee na vile vya kawaida, tutumie kondomu siku saba, na baada ya wiki tatu nipime. Vinasaidia sana lakini si asilimia mia, akasema, na hakutaka kunidanganya. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Na usitapike."

Nje mama alisimama. "Kadi iko wapi?"

"Wamesema ni mapema, nirudi baada ya wiki tatu."

Haukuwa uongo, na ulikuwa uongo. Alinishika mkono njia nzima ya kurudi, akinionyesha mawe ya kuepuka.

Nikarudi Nyasho. Nilidhani nimekimbia, kumbe maziwa yana miguu. Jumanne mchana nikapigiwa simu na konda wa basi dogo, niende stendi nikachukue mzigo. Nimefika, konda amesimama mlangoni na kidumu cha njano cha lita tano, anaita kwa sauti ya kuuza magazeti, "Mama mjamzito wa Nyasho, maziwa yako kutoka kwa mkweo!" Wauza machungwa waligeuka wote. Ijumaa tena. Jumanne iliyofuata tena, na safari hiyo konda aliniletea kiti.

Wiki ya pili mtaa mzima ulikuwa unanipa pole na hongera. Mteja mmoja alikataa niiname kuokota pini. Maziwa nilikuwa nampa mwenzangu wa cherehani, akayanywa kwa mkupuo na kuyasifu, na mabaki ya vitambaa akaanza kuyashona vigauni vya mtoto mchanga, anavitundika msumarini mbele ya macho yangu. Siku moja nikashindwa. Nikasimamisha cherehani.

"Mpigie mdogo wako wa Kibara," nikamwambia. "Sasa hivi. Muulize alikuwa anakunywa dawa gani."

Akapiga, akaweka spika. Mdogo wake alikuwa mwaloni, kule ufukweni wanakoshusha samaki, dagaa wanaanikwa, kelele tupu.

"Zile za kifua," akasema. "Za miezi sita. Zile nyekundu, ukikojoa unakojoa rangi ya karoti."

"Kifua kikuu?"

"Ndiyo, dada, si nilikonda mkaja kuniangalia?"

Mwenzangu akakata simu. "Si nilikwambia dawa?" akasema. "Dawa ni dawa." Akavuta kitambaa akaendelea kushona. Sikumsemesha siku mbili, na kwa sisi wawili siku mbili ni nyingi.

Nacheka nikisimulia, lakini wiki zile niliogopa, niliseme wazi. Asubuhi nilikuwa nawatazama wanangu wakinywa uji na kujiuliza nani atawasuka nywele. Huyu mdogo hapendi kuguswa kisogoni, lazima umwimbie. Baba yake wimbo wenyewe haujui. Nikaanza kumfundisha kwa simu, bila kumwambia kwa nini, na yeye akiwa Bunda kwenye mizani akauimba pamba ikipimwa, wakulima wakimshangaa.

Wiki ya tatu ikaisha. Nikanunua kipimo, nikaingia kwenye bafu la wapangaji, nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Mstari mmoja. Nikasubiri wa pili. Jirani akagonga mlango anataka kuoga, nikamwambia asubiri. Mstari ukabaki mmoja. Nilikaa juu ya ile ndoo nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka jirani akaacha kugonga.

Kilichobaki ni Butiama. Huko kuna mtamba amefungwa kamba kwa ajili ya mtu ambaye hayupo.

Tulikwenda Jumamosi, safari hii nimemshika mume wangu mkono tangu stendi asije akakumbuka pamba. Tukakaa uani. Mama kwenye mkeka, mzee kwenye kiti chake, anatazama mlima. Mume wangu akakohoa. Akasema, "Baba, kuna jambo." Akakohoa tena. Akasema mvua mwaka huu zimechelewa. Mzee akakubali kwamba zimechelewa.

Nikaona hapa nitazeeka. Nikamgeukia mama nikasema mwenyewe. Nilisema hakuna mimba na haikuwepo. Nikasema natumia vidonge, na nitaendelea kuvitumia, na mume wangu anajua. Nikamweleza daktari alivyosema, na tafadhali yake. Nikasema kuhusu maziwa na mawe na hofu yangu ya kijinga. Nikasema nawapenda, na mjukuu wa kiume siwezi kuwaahidi, wala wa kike, wala yeyote, kwa sababu mara ya mwisho nilikuwa naondoka na nilijua naondoka. Niliongea muda mrefu. Mzee alisikia kila neno, hatua nne tu, na hakugeuza shingo.

Nilipomaliza, mama aliinamisha kichwa. Alikuwa anakunja ncha ya kitenge, anakunjua, anakunja. Mimi nilikuwa nafikiria jinsi anavyofikisha ujumbe. Nilijiandaa kusikia kwamba ninasalimia, au kwamba maziwa ni matamu.

Akageuka. Safari hii hakugeuka nusu, aligeuka mwili mzima na mguu wake mbovu.

"Mzee," akasema, "huyu mtoto anasema anataka kuishi."

Mzee alitazama mlima. Nilihesabu ng'ombe waliokuwa wanarudi, nikapoteza hesabu.

"Mwambie aishi," akasema.

Mama akanirudia, macho mekundu. "Anasema uishi."

Mume wangu akauliza kwa sauti ndogo kuhusu mtamba. Mzee akasema niambiwe, mtamba alishamtamka mbele ya watu, na neno lake halirudi zizini. Ni wangu mimi. Na maziwa ya ng'ombe aliyechomwa wameacha kunywa, mama ananihakikishia, ingawa mzee bado anasema zile chuchu tatu hazikuwa na shida.

Mtamba ameshazaa. Mimi bado. Kila jioni, redio ikianza taarifa ya habari, simu yangu inalia. Ni mama. Hanisalimii, anaogopa salio litaisha. Anasema, "Saa mbili," anakata.

Mwezi uliopita miaka miwili ya daktari ilitimia. Nikaona ni haki ajue. Simu ilipolia nikamwahi kabla hajakata, nikamwambia, "Mama, ile miaka miwili imeisha."

Nikasikia ng'ombe nyuma yake, na redio.

"Mimi nimekuuliza?" akasema. "Saa mbili imefika. Meza."